Siku Niliyoitwa Kulwa

Harufu ya mapanki yakikaangwa hunirudisha uani kwetu Kirumba, miaka ya tisini, minofu ya sangara ilipokuwa ikipanda ndege kwenda Ulaya na sisi tukibakiziwa mifupa. Mama aliikaanga na kuiuza. Kila mteja aliuliza swali lilelile: "Kulwa ni yupi hapo?" Maana mimi na pacha wangu tulifanana hadi mwanya wa meno.

"Huyo mchangamfu," Mama alijibu macho yakiwa kwenye karai. "Huyu mwingine ni Doto. Alizaliwa amechoka, hata kulia hakulia. Kamfuata shangazi yake wa Magu, kichwa kizito."

Alisema kwa upendo, niaminini. Nikishika ndoo, alinipokea. "Mwache Doto, hawezi." Nikapewa hata pande lenye nyama, kama mgonjwa, nami nikalila kwa raha zangu.

Tulipokuwa darasa la sita akaja mwalimu mgeni wa hesabu. Siku hiyo Kulwa alikuwa nyumbani, malaria imemlaza. Mwalimu alikuwa amesikia sifa zake. Akaninyooshea kidole. "Kulwa, njoo ubaoni."

Niliogopa kumsahihisha mwalimu, nikaenda. Ilikuwa hesabu ya sehemu, ndefu. Ajabu, mkono ulikwenda wenyewe. Niliandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na chaki ikalia kwa namna niliyoipenda.

"Mwalimu, huyo siyo Kulwa! Ni Doto!" mwanafunzi mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, bila ubaya. "Basi, Doto, endelea. Umebakiza kidogo."

Nikazitazama tarakimu nilizoziandika mwenyewe. Sikuzielewa hata moja. Nikaweka chaki, nikarudi kukaa.

Jioni nilimwambia Mama kwamba nilifanya hesabu ubaoni. Alinigusa paji la uso kuona kama homa ya Kulwa imenipata. "Kalale, mwanangu. Usije ukajichosha."

Kulwa alichaguliwa kwenda sekondari. Mimi nilibaki kwenye karai.

Yule shangazi wa Magu nilikuja kukaa naye vizuri miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa Mama. Nilimwamkia, kisha nikamwambia, kwa utani, kwamba nilirithi kichwa chake. Hakucheka. "Hata mimi niliambiwa nimemfuata bibi yangu," alisema. "Simjui. Alikufa sijazaliwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba damu yangu na ya Kulwa ni moja, wala haikuwa na kosa. Kilichorithiwa kwetu ni maneno.

Kabla hatujatawanyika, Kulwa alinivuta pembeni. Alikuwa amenunua mashine ya kukoboa mpunga, anatafuta msimamizi. "Kazi nyepesi, Doto. Nataka mtu wa damu yangu."

Nilikuwa na kila sababu ya kukubali. Mdomo ukajibu kabla yangu: "Siwezi, dada."

Alinitazama kidogo, kwa macho yangu mwenyewe. Kisha akaniambia nisijali, atamtafuta mtu mwingine.