Masikio ya Mama

Ukitaka kunikosanisha na mtu, mlete aangalie picha niliyompiga, halafu aniambie, "Nifanye light kidogo." Light, yaani mweupe! Nimepiga picha miaka mingi hapa kwetu, kuanzia Roret mpaka Kabianga, na bibi harusi anayetaka kuonekana vile mama yake alivyomzaa bado sijamwona. Wanafunzi wakifuzu chuoni hukodi joho, wengine hukodi na viatu, halafu wananijia mimi wakitaka niwakodishie na uso. Mimi hukataa. Ndiyo maana wateja wangu si wengi, na ndiyo maana watu husema nina mdomo.

Kamera yangu nimeipanga ihifadhi picha mbichi. Picha mbichi si ya kutuma kwa simu. Ni kila kitu kamera ilichoona, mwanga na kiza, kabla mashine haijaamua cha kutupa. Ukiifungua mara ya kwanza haina mvuto, imepauka tu. Simu nyingi hata haziwezi kuifungua. Inataka kompyuta, na programu yake, na mtu wa kukaa nayo polepole.

Nilipomweleza Mama haya alicheka. "Kumbe ni majani tu," akasema. "Si chai bado."

Mama alichuma majani chai maisha yake yote, kwanza kwa watu, halafu kwenye shamba letu nyuma ya nyumba. Na alikuwa na masikio ya kizamani. Alitogwa akiwa msichana, tundu likapanuliwa pole pole kwa vijiti, mpaka nyama ya chini ikaning'inia kama kitanzi. Enzi zao huo ndio ulikuwa urembo. Akiingia kwenye chai alikuwa akikipindua kile kitanzi na kukivika juu ya sikio, kisije kikanaswa na matawi. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mama hufanya hivyo kabla ya kwenda kazini.

Halafu kanisa likawaambia ni aibu. Wenzake wakaenda hospitali mmoja mmoja, wakakatwa na kushonwa, wakarudi na masikio madogo kama ya watoto. Mama alikataa kushonwa. Lakini alifunika. Miaka yote ninayoikumbuka, Mama hakutoka nje ya lango bila leso iliyofungwa ikashuka mpaka shingoni, jua liwake, mvua inyeshe. Mpaka kitambulisho chake, ukikiangalia, ni leso na macho. Alibaki na rafiki mmoja tu ambaye naye hakushonwa, mama mmoja wa ng'ambo ya mto aliyechuma naye tangu ujana. Wakiwa wawili jikoni, leso zilikuwa zinashuka mabegani.

Sasa, alipoanza kuugua kifua, Mama aliniita akaniambia nilete kamera. Mimi nilishangaa, kwa sababu Mama na kamera walikuwa maadui.

"Nataka picha moja," akasema. "Masikio wazi. Hiyo ndiyo mtabeba mbele ya jeneza."

"Mama, wacha hayo maneno ya jeneza."

"Kwani wewe utaniweka hapa milele? Leta kamera."

Nilimpiga kwenye chai, mvua ya mchana ikiwa imetoka tu kukatika na mawingu bado yako chini. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa vizuri. Leso nyeupe ilikuwa mabegani. Hakutabasamu, wala sikumwambia atabasamu. Aliangalia kamera kama anayemsubiri mtu amalize kuongea ndipo amjibu.

Ile picha tuliisafisha pamoja, sebuleni, yeye kwenye kiti chake na blanketi magotini, mimi na kompyuta. Wateja wangu wote wangekuwa kama Mama, ningekuwa mtu mpole. Mtu akisimama katikati ya majani chai, ukijani unarudi mpaka kwenye ngozi, unajificha chini ya kidevu na chini ya macho. Mama aliuona kabla sijautaja.

"Mbona nimekuwa kinyonga?"

Nikautoa, kidogo kidogo, huku nikichunga nisimtie wekundu ambao si wake. Nikapandisha mwanga wa uso bila kuichoma ile leso nyeupe, isipotelee kwenye mwanga. Nilipojaribu kulainisha mikunjo ya shavuni, kidogo tu, mkono umezoea, akanipiga na kijiti chake cha kutembelea. "Rudisha. Hiyo nimeilipia." Nikarudisha.

Lakini sikio la kushoto lilikuwa limezama. Lilikuwa upande wa kiza, na mtu angeapa hapo hakuna kitu, ni weusi tu. Mama akalinyooshea kidole. "Na hilo lingine liko wapi?" Nikavuta kile kiza taratibu, na sikio likaanza kutoka: kwanza ukingo, halafu kitanzi chenyewe, halafu mpaka lile kovu dogo mahali tawi liliwahi kumrarua. Picha ya simu isingetoa hata nusu yake. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Wei!" akasema. "Kumbe lilikuwepo."

Aliangalia muda mrefu. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Kaka yangu mkubwa alipokuja kumjulia hali, Mama mwenyewe akasema nimwonyeshe. Kaka yangu ni mzee wa kanisa, mwenyekiti wa hili na lile, mtu wa koti hata akienda kukama. Aliangalia, akakunja uso. "Mama, watu watasema nini?"

"Watasema ni mimi," Mama akajibu, akaomba chai.

Ilikuwa imebaki kazi ndogo. Nilikuwa nimetoa nakala moja ya majaribio, faili la kawaida linalofunguka popote, nije nione ikichapishwa itakaaje. Kwa simu sikumtumia mtu yeyote, Mama alikataza. Hakutaka itembee kijijini kabla haijaiva. Picha zote za siku ile zilikuwa kwenye diski yangu ya nje, kwa sababu kompyuta imejaa harusi za watu, na kadi ya kamera nilishaifuta nipige kazi nyingine.

Mama alifariki kabla sijaimaliza. Sitaki kuandika siku hiyo.

Kilichonileta hapa ni diski. Msiba kwetu si wa mtu mmoja. Kamati iliundwa, kaka yangu akawa mwenyekiti, nani mwingine. Mimi na shangazi tulitumwa mochari kupeleka nguo za Mama. Kabla ya kuondoka nilimwambia kaka yangu, mbele ya watu, kwamba picha ya Mama nitaimaliza nikirudi, asiiguse. Akasema sawa. Nilirudi nikakuta waya mezani. Diski haikuwepo.

Kaka yangu alirudi jioni na programu za mazishi kwenye boksi, na fremu kubwa imefungwa kwa nailoni. Nilirarua nailoni.

Aki ya Mungu, sikumjua yule mama. Alikuwa mweupe kama maandazi kabla ya kuingia mafutani. Mikunjo hakuna. Nyuma yake, mahali pa majani chai, walikuwa wameweka mawingu na njiwa. Na masikio yalikuwa madogo, nadhifu, yamekaa mahali pake kama ya msichana wa kuuza sabuni kwenye televisheni.

"Nani amefanya hivi?"

"Jamaa wa kompyuta pale saiba mjini. Ametutengenezea vizuri," akasema kaka yangu. "Hata mchungaji ameipenda."

Nilimwambia anipe diski. Niliichomeka palepale. Picha za Mama hazikuwepo. Kulikuwa na ile nakala ya majaribio tu, na nilipoifungua ilikuwa ni yule mama wa mawingu. Jamaa alikuwa amefanya kazi juu yake na kuihifadhi hapohapo. Nafasi nyingine yote ilikuwa imejazwa video za kwaya zitakazochezwa kwenye skrini siku ya mazishi.

"Picha zingine ziko wapi?"

"Zipi? Zile zilikataa kufunguka? Jamaa alijaribu zote. Zina majina ya ajabu ajabu, tena ni nzito. Akasema hiyo ni virusi."

"Halafu?"

"Halafu tukafuta. Ningekuletea virusi kwa nyumba?"

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayesubiri kuambiwa asante. Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayajua, mbele ya kamati, na mama yetu bado hajazikwa. Shangazi alinishika mkono akaniambia ninyamaze, maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia haya hayakumwagika yenyewe, kuna mtu ameyamwaga. Tangu siku hiyo mimi ndiye mkosaji katika hadithi hii, ukiuliza kwetu. Nilivuruga msiba wa Mama kwa sababu ya picha.

Nilijaribu kuzirudisha. Ziko programu za kutafuta vilivyofutwa, lakini kwaya ilikuwa imekalia kila mahali. Nilipata vipande vya kijani, na kipande kimoja cha leso. Kompyuta yangu bado ina kivuli cha ile picha, kidogo kama stempu, na maandishi kwamba faili yenyewe haipatikani. Ukikikuza, Mama anakuwa vigae vya rangi tu. Maagizo yangu yote yamebaki: toa kijani hiki, pandisha mwanga huu, vuta kiza cha kushoto. Kazi yote ipo. Mtu ndiye hayupo.

Huwa najiuliza kama alijua. Kaka yangu si mjinga. Virusi naamini, hilo ni jambo la watu wetu, kila flashi iliyowahi kuingia saiba imeugua, na kisichofunguka hufutwa. Lakini masikio hayakujifunga yenyewe. Mtu alimwambia yule jamaa ayafunge. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa koti.

Siku ya mazishi mjukuu alibeba fremu mbele ya jeneza, kama Mama alivyosema ibebwe. Ikawekwa kwenye meza yenye maua, chini ya hema, watu wapite. Walipita. Nilisikia wengi wakisema amependeza.

Halafu akaja yule rafiki yake wa ng'ambo ya mto. Alikuja polepole na fimbo, na leso ilikuwa mabegani. Kichwa wazi. Masikio yake mawili marefu yalikuwa wazi mbele ya kanisa zima, na ameyatia shanga. Watu walimwangalia, watoto wakasukumana, naye hakujali. Mama alikuwa amemwambia habari ya picha. Walikuwa wamekubaliana masikio ya wote wawili yatakuwa wazi siku hiyo.

Alisimama mbele ya fremu muda mrefu. Alinyoosha kidole akagusa kioo, pale chini ya sikio la kushoto, akapapasa kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Kisha akanigeukia.

"Walimshona lini?"

"Mama hakushonwa. Hajawahi. Ni hii picha tu."

"Picha?" akasema. "Si ni wewe uliipiga?"

Nilifungua mdomo, mimi mwenye mdomo, na kwaya ikaanza. Alinitazama kidogo, halafu akaegemeza fimbo mezani, akainua leso yake kwa mikono miwili, akafunika kichwa na masikio, akaifunga kwa nguvu chini ya kidevu. Akaenda kuketi na wale wengine walioshonwa.