Chozi Aliyegeuza Shingo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimejibanza nyuma ya ukuta wa kisima pale Jomvu Kuu, buibui nimelikunja mpaka magotini, tope limenifika vifundoni, namchungulia binti ya mama yangu mdogo kama mwizi. Naye hakuwa akifanya chochote. Alikuwa amekaa juu ya jiwe ukingoni mwa mikoko, mikono mapajani, ametulia. Nikangoja aitoe siri yake niione. Nilingoja mpaka jua likanichoma utosi, nikarudi nyumbani na tope langu.

Jana uliponiuliza mawazo ya vipuli vyangu vya ndege niliyatoa wapi, nilijifanya sikusikia, nikakuagiza maji. Si uziwi. Jibu lake lina aibu ndani, na mtu wa umri wangu hapendi kujivua nguo mbele ya mjukuu. Lakini usiku kucha nimelifikiria, nimeona nikinyamaza nitakuwa nimekudhulumu. Basi vuta mkeka ukae.

Huyo binti alikuwa Mishi. Babu yetu sote wawili alikuwa sonara, mfua fedha, na miaka ile, uhuru bado haujaja na bendera nyekundu ya Sultani ingali inapepea ngomeni, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kazi ndogondogo hakuziweza tena. Akatufundisha sisi wajukuu wake kuchonga vipuli vya kifuu cha nazi. Ulikata kifuu kwa kimsumeno, ukakitia tupa, ukakitoboa kwa keekee, ukakisugua kwa majani ya msasa mpaka kikang'aa, kisha babu akakutilia kulabu ya fedha. Mimi na Mishi tulikaa mkeka mmoja, tukatumia tupa moja.

Tofauti yetu ilikuwa hii. Mishi alikuwa yatima wa baba, na yeye na mamake walikula kwa vipuli vile. Mimi baba yangu alikuwa na minazi. Nilichonga kwa kutaka kusifiwa tu, na sifa hazikuja.

Mishi alichonga ndege. Waliokuwa wakigombewa zaidi na wanawake ni chozi, kile kindege kidogo cha mdomo mrefu uliopinda, kinachofyonza maua. Wake walikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na hawakufanana. Wa sikio la kulia ameinama, mdomo chini, anafyonza. Wa kushoto amegeuza shingo anatazama nyuma. Hakuna aliyejua kwa nini amegeuza shingo, wala hakuna aliyeuliza, ila kila aliyewaona alisema wako hai.

Nami nikataka ndege. Nikachukua leso ya mama yenye picha ya tausi, nikaifuata kwa mkaa, nikachonga. Tausi mwenyewe sijamwona mpaka leo. Nilipomaliza nikampelekea babu. Siku hizo ndege za abiria zilikuwa zikitupitia vichwani kwenda kutua Port Reitz. Babu akakileta kipuli karibu na jicho lake lenye nafuu, akakigeuza, akaniuliza, "Zena, huyu ndege, au hii ndege?" Akasema, "Nauliza kwa sababu kama ni hii, nataka kujua yaondoka saa ngapi."

Mishi alicheka, mama akacheka, hata mimi nikacheka. Usiku ule sikula.

Nitakwambia wazi, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mpaka mikono yake nikaiona mibaya. Na ili nisijulikane, nikawa mimi ndiye wa kwanza kumsifu, tena kwa sauti. Nikajiambia ana siri. Ana kitabu cha picha amekificha, au kuna mtu anayemchorea. Ndiyo maana nikamfuata mpaka kisimani. Nilipomwona amekaa bure juu ya jiwe, sikuridhika. Nilisema moyoni, huyu amejua kwamba niko hapa, ananificha.

Ikaja arusi kwa Bi Amina, jirani yetu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akiolewa, na wasichana saba wa kumzunguka bibi arusi walitakiwa wavae vipuli vya namna moja. Bi Amina ni rafiki wa mama, kwa hiyo niliona kazi ile ni yangu. Hata nilikuwa nimekwisha kukata vifuu. Tulikuwa tumekaa uani kwake wanawake wengi, siniya mapajani, tunachagua mchele wa arusi, naye Bi Amina ananyonyesha mwanawe wa miezi mitano. Akasema, "Vipuli nimempa Mishi. Nataka wale chozi wake." Mishi mwenyewe hakuwapo, alikuwa kazini.

Mwanangu, sikupanga nilichosema. Kilikuwa tayari. Nikaendelea kutoa chuya katika mchele, nikasema taratibu, tena kwa tabasamu, "Kazi nzuri, mashaallah. Ila mimi lau ningekuwa na mtoto mchanga, ndege wale nisingewaingiza ndani. Nyuni huitwa na mfano wake."

Ninyi mmezaliwa hospitali, hamjui neno hilo lilikuwa na uzito gani. Nyuni ni ndege, lakini pia ni ule ugonjwa wa mtoto kukakamaa na macho kwenda juu homa inapompanda, na wazee waliamini kuna ndege anayempitia mtoto. Mimi sikuamini. Nilikuwa nimevaa chozi wa Mishi masikioni mwaka mzima na kubeba watoto wa watu. Nililisema tu. Bi Amina akamfunika mwanawe kwa leso.

Nilirudi nyumbani nimeona raha. Usinitazame hivyo, nimekuahidi ukweli.

Siku ya nne yule mtoto akashikwa na homa, na alasiri akakakamaa mikononi mwa mamake. Kabla hajafikishwa hospitali mtaa mzima ulikwisha kujua sababu. Vipuli vya Mishi vikaanza kurudi. Hakuna aliyegombana naye. Walivifunga katika kitambaa, wakaviweka juu ya baraza ya mamake, wakaenda zao. Mwanamke mmoja alivishika kwa ncha ya kijiti. Mama mdogo alikuwa akiuza vitumbua asubuhi, navyo vikalala kwenye sufuria, maana nani atakula kutoka nyumba ile.

Mishi akaja kwangu. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo. Katika watu wote wa Jomvu alikuja kwangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, akasema, "Zena, mtoto wa Bi Amina anaendelea vizuri, wamemdunga sindano homa imeshuka. Lakini watu hawanitaki. Wewe waijua kazi yangu, tumekaa mkeka mmoja. Twende unisemee. Wewe watakusikia."

Nikamwambia, "Inshallah kesho."

Kesho sikwenda. Alikuja tena, nikamwambia kichwa kinaniuma. Mara ya tatu hakuja.

Babu alikuwa mtu wa kutoka kidogo, kwa ajili ya macho. Wiki ile alitoka sana. Alikwenda msikitini akakaa barazani, akapita kisimani akasalimiwa, akaenda kwa muuza kahawa. Aliporudi siku ya tatu aliniita. "Zena."

"Abee babu."

"Kaa. Hapa kwetu, mtoto akishikwa vile, watu husema nini?"

"Husema dege."

"Dege. Nimekaa Jomvu tangu kuzaliwa sijasikia neno jingine. Sasa kila ninapopita nasikia nyuni, nyuni. Neno hilo mtaani hapa nimelijua kwa mtu mmoja tu. Ni nyanya yako, alikuja nalo kutoka Pate nilipomwoa, na mtaa mzima ulikuwa ukimcheka nalo." Alikuwa akipapasa tupa yake huku anasema, hanitazami. "Neno limetoka nyumbani kwangu. Mimi sikulisema. Na nyanya yako yuko kaburini."

Nililia, naye akaniacha nilie mpaka nikachoka mwenyewe. Nilidhani atanipiga au atamwambia baba. Akasema tu, "Ulilisema mbele ya nani?" Nikamwambia. "Basi utalirudisha mbele ya hao hao. Kumwambia Mishi peke yake uchochoroni si kitu. Vipuli vyake havikurudishwa uchochoroni."

Arusi ilikuwa imeakhirishwa kwa ajili ya mtoto, na wanawake walikutana tena uani kwa Bi Amina. Nilisimama. Sijui kama umepata kusimama mbele ya watu wanaokusubiri useme jambo jema. Nikasema kwamba lile neno la nyuni kuitwa na vipuli nimelitunga mimi, kwamba sikuliamini hata nilipolisema, na kwamba nililisema kwa sababu kazi ya Mishi ilikuwa nzuri na yangu mbaya na roho iliniuma. Bi Amina akamweka sawa mtoto aliyelala begani. Akasema, "Tumesikia. Kaa." Hakuna aliyenisogezea siniya siku ile, na mama alikwenda nyumbani bila kuningoja.

Nikaenda kwa Mishi. Nilimkuta anafagia. Nikamwambia nimekwenda, nimesema yote. Akaegemea fagio.

"Nimesikia," akasema. "Ahsante."

"Utaanza tena? Bi Amina anasema chozi wake anawataka."

"Ndege? La, Zena. Nimewachoka."

Akanipa ile keekee nimrudishie babu, akaendelea kufagia. Hakunitukana. Lau angenitukana ningepata pa kushika. Mwaka ule ule aliolewa Likoni, akashona nguo za watoto kwa cherehani, mikono ile haikugusa kifuu tena. Nikivuka feri kwenda kumwona alinipokea vizuri sana. Alinitandikia mkeka mpya, akanitolea halua na kahawa, akauliza hali ya kila mtu mmoja mmoja. Alinipokea kama mgeni, mwanangu, na sisi tulikuwa tukila sahani moja.

Katika vile vipuli vilivyorudishwa, pea moja ya chozi ilibaki kwa babu. Akanikabidhi. "Weka wewe," akasema.

Sikuweza kuvivaa, na kuvitia kisandukuni sikuweza. Asubuhi moja nikavichukua mkononi nikaenda kule kwenye mikoko, nikakaa juu ya jiwe la Mishi. Siku ya kwanza niliona tope na kaa. Siku ya pili hivyo hivyo, na mgongo ukaniuma. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi nilipowaona chozi kwenye maua mekundu ya mikoko. Walikuwa wengi, na maua yalikuwa mengi kuliko wao. Lakini kulikuwa na dume mmoja ambaye hakunywa. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza wenziwe. Akimfukuza huyu, anatua, anamwona yule, anaruka tena. Asubuhi nzima sikumwona akitia mdomo wake katika ua. Na wale wengine, kila mmoja aliyeinama kunywa, mwenziwe wa karibu alikuwa amegeuza shingo, anaangalia huyo mchoyo yuko wapi.

Nikafungua kiganja nikawatazama wale wawili wa Mishi. Nilielewa shingo ile, na nilielewa pia nilikuwa nimekaa wapi siku ile ya kisimani. Nilikuwa nyuma yake.

Basi jibu la swali lako ndilo hilo. Ndege wangu wote mnaonisifia, yangeyange aliyeinua mguu, mdiria mwenye samaki, niliwapata pale juu ya jiwe, mahali ambapo mimi mwenyewe nilimfukuza Mishi. Siri hakuwa nayo. Yeye alitazama ndege, mimi nilimtazama yeye, na kwa kumtazama yeye sikupata hata unyoya.

Na usidhani nimekusimulia kwa kupenda masimulizi. Jana ulipokuwa ukinionyesha vipuli vyako ulimtaja yule msichana wa Bombolulu mara nne. Anauza vipi, anapata wapi waya, nani anamchorea. Nilihesabu. Ndege hukutaja hata mmoja.

Nenda kaone ndege mwanangu, hata kama ni kunguru wa jalalani, kaa mpaka ujue anafanya nini na kwa nini. Kazi ya mwenzako ikikuuma, mwambie mwenyewe usoni kwamba ni nzuri, halafu funga mdomo. Neno likikujia tamu tamu juu yake, tena kwa tabasamu, litafune ulimeze. Na akija mlangoni kukuomba umsemee kwa watu, vaa viatu saa ile ile. Usimwambie kesho. Mimi bado nadaiwa ile kesho, na Mishi amekwisha kuzikwa.

Mungu akubarikie mikono na macho. Akupe riziki ya kukutosha, na jiwe la kukalia, na ndugu wa kukaa naye. Na katika maisha yako yote asikufanye yule ambaye wenziwe wakiinama kunywa, mmoja wao hana budi kugeuza shingo.