Tour ya timu ya mdogo wangu ilihamishiwa Uarabuni wakati mama ameshashona kitenge cha kwenda kumpokea

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo. Nipo Mabatini, Mwanza, dukani kwangu. Mvua imefukuza wateja, nikaona bora niandike hili jambo maana limenikaa kooni muda sasa.

Hii si chai. Anayetaka chai aende kwa mama ntilie wa hapo kona. Na wale wa "weka picha", picha ya mama yangu siweki humu, mtanisamehe.

Twende taratibu.

Mimi nashona na kuuza sare za shule. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi saa hapa hapa mjini. Asili ya babu yake ni Asia huko, lakini yeye Kisukuma alikijua kuliko ninyi mnaojiita wazawa. Mama ni wa Kisesa. Kwetu sikukuu pilau inapikwa, na pembeni kuna bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, kwa karanga. Usipoyajua hujakaa Mwanza.

Baba alikuwa mgonjwa wa kriketi. Jumapili anavaa suruali nyeupe anaenda kucheza na jamaa zake wa madukani. Mama alikuwa anazifua zile suruali kwa bluu huku analalamika kwamba mchezo gani huu watu wanavaa nyeupe halafu wanajigaragaza kwenye vumbi.

Mdogo wangu wa kiume, Imrani, alirithi ugonjwa wote. Akiwa sekondari, baba mdogo anayeishi nje akamchukua akasome huko na acheze. Nchi siitaji, mtaanza upelelezi.

Akaondoka akiwa na sauti ya kuvunjika na chunusi. Hajarudi mpaka leo.

Msinirukie. Kwanza ilikuwa masomo. Halafu karatasi za ukaazi, hizo wanazijua wenyewe. Baba alipofariki karatasi zilikuwa bado mezani kwa watu, angetoka asingeweza kurudi, tukazika bila yeye. Baadaye akabadili uraia, akaanza kuitwa timu ya taifa ya kule, na kila tukimuuliza anasema msimu ukiisha nakuja. Wakuu, ile misimu haiishi. Ukiisha wa huku unaanza wa kule.

Sasa mama ana presho ya macho. Wanaojua wanajua. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi, tunalinda kilichobaki kwa dawa ya matone. Mama anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo. Ukikaa mbele yake kabisa, karibu pua kwa pua, uso wako anauona. Ukisogea hatua mbili amekupoteza. Simu na TV kwake ni mwanga tu unaochezacheza. Hizo video call mnazoshauriana humu kwetu hazisaidii kitu.

Kwa hiyo alikuwa na ombi moja tu, na alilisema kila siku wakati namtilia matone. Auone uso wa Imrani kabla tundu halijaziba.

Sasa ndiyo tunafika kwenye tour.

Mwaka jana ratiba ikatoka. Timu ya Imrani inakuja kucheza nchi jirani, upande wa pili wa ziwa letu hili. Na Imrani yumo kwenye kikosi.

Nilivyoisoma nilikaa chini pale pale kwenye vitambaa. Ni basi tu, wakuu. Unapanda Mwanza, unavuka mpaka kwa hati ya dharura, unafika. Mama ndege hajapanda na alishasema hatapanda, ila basi la usiku na mchana analiweza.

Mabatini nzima ilijua ndani ya siku moja. Mama akachagua kitenge mwenyewe kwa vidole, maana rangi hazioni vizuri siku hizi. Nikashona sare ya watu watano, yeye, mimi, na shangazi zangu watatu. Kisesa wakaanika matobolwa ya kumpelekea. Akawa anajizoeza barazani, anakaa kwenye kiti, ananiambia njoo karibu, rudi, njoo tena. Alikuwa anapima Imrani atakaa wapi ili amwone vizuri. Nilikuwa namcheka. Nikiingia ndani nalia.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, habari ikatoka. Wakubwa wa timu mbili hawakuelewana, upande mmoja unasema hali ya usalama kule hawana uhakika nayo, upande mwingine umekasirika. Mwisho wakakubaliana mechi zihamishiwe Uarabuni. Neutral ground. Uwanja ambao si kwa huyu wala si kwa yule.

Niliisoma kwenye simu mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea.

Kumwambia mama nilishindwa siku nzima. Jioni nikamwambia. Hakulia. Aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Sasa mwenyeji ni nani?"

Nikamwambia hakuna, mama, wote ni wageni.

"Wageni wawili wanakutana kwenye nyumba ya mtu ambaye hahusiki. Nani anawapokea? Nani anawapa maji?"

Nikasema wapo hotelini, wanahudumiwa. Akanitazama, au tuseme akageuza uso upande wangu.

"Hoteli siyo mwenyeji, Saada."

Ninyi mnajua kwetu mgeni ni kitu gani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akifika mahali hakuna wa kumpokea, ni aibu ya mtu fulani, hata kama huyo mtu hajulikani. Mama akaamua hiyo aibu aibebe yeye. Kesho yake akatangaza kwamba siku ya mechi ya kwanza wageni watapokelewa Mabatini. Timu zote mbili. Na kwa kuwa wageni wenyewe hawapo, mtaa utakula kwa niaba yao.

Nilimwambia mama, watu watatucheka. Akasema wacheke wakiwa wameshiba.

Basi siku ya mechi tulivaa ile sare ya kitenge. Sato wa kukaanga, wali, na matobolwa yaliyokuwa yasafiri. TV tukaitoa barazani, nikaunganisha na simu, live ikakubali. Jirani yetu Baba Zawadi, fundi pikipiki, akaja na vijana wa kijiweni kwake. Wakamwamkia mama, shikamoo, marahaba, wakakaa kwenye mikeka.

Kuna tatizo moja hatukulifikiria. Mtaa wetu ni wa mpira wa miguu. Kriketi anayeijua alikuwa marehemu baba.

Wiketi ya kwanza ikaanguka, mtaa ukalipuka kwa shangwe. Baba Zawadi alisimama kabisa kwenye mkeka. Kumbe ni mtu wa timu yetu katolewa. Ya pili wakashangilia tena. Nikasimama kama mwalimu wa zamu kueleza kwamba hivyo vijiti vikianguka sasa hivi ni msiba wetu. Baba Zawadi akauliza, "Sasa sisi tunashinda magoli mangapi?" Nikaacha.

Mama alikaa mbele, kwenye kiti chake, uso umeelekea kwenye mwanga. Kila baada ya muda ananiuliza, "Ameingia?" Nasema bado. "Yupo anakaa wapi?" Nasema haonyeshwi, mama.

Ukweli ni kwamba Imrani hakupangwa. Alikuwa mchezaji wa akiba. Nilikuwa nimeshaona majina toka asubuhi na sikujua nimwambieje.

Halafu mchezo ukasimama kidogo wachezaji wanywe maji. Kutoka pembeni akaja kijana anakimbia, kavaa kizibao cha akiba, kabeba chupa. Kamera ikamsogelea.

Wakuu, ni baba. Ni baba yetu mtupu, hadi anavyokunja bega la kulia. Shangazi yangu mmoja akapiga kelele, "Ndiye huyo!" Mtaa mzima ukasimama. Hawajui kriketi, hawajui kwamba mtu wa kubeba maji hashangiliwi. Waliruka, wakapiga masufuria, na watu wa duka la pili wakatoka nje kuangalia kuna nini.

Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Anafanya nini? Niambie."

"Anawapa wenzake maji, mama."

"Wote?"

"Wote. Hata mmoja wa timu ile nyingine kampa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi wamepata mwenyeji," akasema.

Akaniuliza amefananaje. Nikamweleza bega, nikamweleza ndevu, nikamweleza kwamba amekonda kidogo. Nilieleza kila nilichokiona, lakini maneno si uso. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante. Mama yangu hajawahi kuniambia ahsante kwa namna ile na sitaki kuisikia tena.

Jioni Imrani akapiga simu. Watu walishaondoka. Nikaweka sauti kubwa.

Alianza na pole nyingi. Akasema mama usijali, wanazungumza, tour huenda ikarudishwa mwakani, tutakuja.

Mama akamkatisha. "Mimi sikuzaa timu."

Mama akaisogelea simu.

"Timu inahamishwa, nimeona. Leo huku, kesho Uarabuni. Wewe nani amekuhamisha? Njoo wewe."

Akasema ataomba ruhusa. Mama akamuuliza kuja kwenu unamwomba nani. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe analia. Mwanaume mzima.

Ndipo likatoka lililokuwa ndani miaka yote. Akasema, "Mama, baba mmemzika bila mimi. Nilitaka nikirudi nirudi nikiwa na timu, na jezi, nacheza, watu waone nilikwenda kufanya kitu. Sasa nije hivi hivi, na mimi bado nabeba maji? Watu watasemaje?"

Mama akamwambia, "Watu walikuwa hapa leo. Wamekuona unabeba maji. Muulize dada yako walifanya nini."

Nikamweleza masufuria. Nikamweleza Baba Zawadi. Akacheka na kulia kwa pamoja, ile sauti mbaya. Akasema nimesikia, mama. Simu ikaisha.

Hiyo ni miezi imepita. Ameahidi, kaanza kuulizia tiketi, halafu wakaingia kambini tena. Namtumia meseji, anajibu kwa vikatuni vya moyo. Nampenda na namkasirikia kwa kiwango kile kile.

Nilichojifunza, wakuu. Sisi tulio nyumbani tunakosea kusubiri tukio kubwa ndilo lituletee mtu wetu. Na ninyi mlio mbali mnasubiri mpate kitu cha kuonyesha ndipo mrudi. Hapa hakuna anayesubiri kitu. Mama anasubiri uso.

Kama nawe uko mbali, andika hapo chini unasubiri nini hasa. Na kama uliwahi kurudi mikono mitupu, tueleze ulipokelewaje. Nitamsomea mama kila comment kwa sauti, kwa hiyo andikeni kwa adabu.

La mwisho si lenu, mtaniwia radhi.

Imrani, najua huwa unapita humu kimyakimya, ulishaniambia ndipo unapotunzia Kiswahili chako. Leo asubuhi nilikaa mbele ya mama kumtilia matone. Alinitafuta uso kwa mkono kwanza, ndipo akaniona.

Bado anaona. Njoo.