Sahani ya Mama na Kindi wa Mkunguni

Kindi wa mwisho niliyemwona nyumbani kwetu, Mji wa Kale, alikuwa mdomoni mwa kunguru. Alikuwa mtoto, mkia wake haujajaa manyoya. Kunguru alitua naye kwenye ukuta wa sutuhi, yaani paa letu la bapa, hatua tatu kutoka kwenye sahani ya wali ambayo Mama alikuwa ametoka kuiweka. Akambwaga, akamdonoa mara mbili, kisha akamwacha pale akaja kula wali. Mama alikuwa amesimama nami mlangoni pa ngazi. Alinitazama akaniuliza:

"Ni mimi niliyewaleta hawa?"

Nilimjibu kwamba sijui. Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikumtosha, na baadaye halikunitosha hata mimi. Sahani ile ilikuwa sadaka ya kumwombea marehemu Baba, na kindi walikuwa kindi wa Baba.

Ua wetu ni mdogo na una mti mmoja tu, mkungu. Matawi yake yametoka kwa ngazi kama sinia zilizopangwa kwenye fimbo, na tawi la juu kabisa liko sawa na sutuhi. Nilipokuwa mdogo kindi waliishi humo wakala kungu, matunda yake, mpaka ua ukajaa makokwa. Walikuwa na barabara zao. Kutoka mkunguni waliruka hadi kwenye mabati ya jirani, wakapita mbio kama watu waliochelewa sala, wakaingia kwenye mwembe wa nyuma, kisha kwenye mwarobaini wa msikitini. Baada ya hapo macho yangu hayakuwafikia tena.

Baba alikuwa karani bandarini. Ijumaa, baada ya sala na chakula cha mchana, alipanda juu na njugu mfukoni, akakaa kwenye kiti cha kamba, akatoa sauti ya mwalimu mkuu: "Haya, mahudhurio!" Mimi nilihesabu, yeye akatangaza. "Tisa wapo, wawili watoro. Andika watoro." Alikuwa ameniletea daftari refu la kazini, lenye mistari ya bluu, na humo niliandika tarehe, hali ya hewa na idadi. Mara moja tuliwaona kumi na wawili kwa pamoja, na Baba alilitaja jambo hilo miaka mingi kama mtu anayetaja harusi.

Mama hakuwapenda. Walimtobolea kikapu cha tende. Msimu mmoja walichimba kwenye godoro lililoanikwa juani wakabeba pamba yake kwenda kujengea kiota.

"Wageni wako hawa sasa watafuna hata malazi," alimwambia Baba.

"Waache, bibiye. Nao wana waja wazito wao wa kuwatandikia."

"Basi wakija kuzaa, uwafukizie udi wewe."

Nilipohamia nyumba yangu mwenyewe niliendelea kurudi kila Ijumaa, na daftari lile likafuatwa na jingine, na jingine. Sikuwa na sababu kubwa. Nimezoea kuandika ninachokiona, na mahudhurio yale yalikuwa saa moja ya kukaa na Baba bila kuhitaji kuongea.

Baba alipofariki, Mama alimaliza eda, na siku ya kwanza ya kutoka alipanda juu na sahani. Wali uliobaki, maganda ya mkate wa mofa, pengine kipande cha samaki. Aliiweka ukutani akasema, "Thawabu zimfikie mwenyewe." Mwanamke aliyekuwa akiwafukuza kindi kwa kanga sasa aliwaandalia. Nilidhani nimeelewa.

Kindi hawali wali kwa hamu. Kunguru wanakula kila kitu. Zamani tuliwaona wachache, wakipita kuelekea soko la samaki. Sasa walijifunza saa ya Mama. Kabla hajafika kwenye ngazi ya mwisho walikuwa wamejipanga ukutani, shingo zao za kijivu zimenyooka, kama watu wanaosubiri kufunguliwa dirisha la ofisi. Jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro, ambaye dirisha lake na letu yanakaribia kupeana mikono, hakukosa la kusema.

"Shoga, kunguru hafugiki, nawe wamfuga!"

"Simfugi. Yuwala sadaka."

"Sadaka na kwangu je? Kanzu ya mume wangu nimeianua ina muhuri wao begani. Katoka kusali kama kapandishwa cheo!"

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Hiyo ilikuwa kabla ya siku ya yule mtoto wa kindi. Baada ya siku ile jirani hakutania tena, maana naye aliona.

Kwa hiyo nilitoa madaftari yote nikayapanga sakafuni. Nilijua kwamba kunguru huvamia viota, nilikuwa nimeshuhudia. Lakini kulikuwa na mambo mengine, na nilitaka kuwa mwadilifu kwa kila moja. Mwembe wa nyuma ulikatwa, na mahali pake sasa pana ghorofa tano za kupangisha. Barabara ya kindi ilikatika hapo. Paka wa uchochoro waliongezeka tangu mwuza samaki alipohamia kona yetu, ingawa sijaona paka akimshika kindi, nimeona tu wakitamani. Kuna nyumba mbili zilizoanza kutega sumu ya panya juu ya dari. Na nyaya za umeme zimesongamana hivi sasa kiasi kwamba kindi akiruka kutoka mkunguni hajui anakamata tawi au waya.

Nilichohitaji ni kujua kipi kilitangulia. Kama kindi walikuwa wameanza kupungua kabla ya sahani, ningeweza kumwambia Mama kwamba hahusiki, au hahusiki sana. Nilifungua kurasa nikafuata idadi: nane, tisa, saba, nane. Kisha kurasa tupu. Kisha tatu.

Kurasa tupu zilikuwa za ugonjwa wa Baba. Miezi ile Ijumaa zangu zilikuwa kwenye benchi la hospitali, na baadaye kitandani pake chini, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi aliyoisikia yeye peke yake. Baada ya hapo ilikuwa matanga na eda. Hakuna aliyepanda juu. Ndani ya miezi hiyohiyo mwembe ulikatwa. Nakumbuka msumeno ulivyomsumbua Baba usingizini. Nilipoanza tena kuandika, sahani ilikwisha kuwa na wiki kadhaa ukutani.

Nilimpelekea Mama daftari nikamwonyesha. Alipitisha kidole kwenye mistari ya bluu iliyo wazi.

"Hapa ndipo tulipokuwa naye," alisema.

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana siwezi kukuambia ni wewe, wala si wewe."

"Wewe na kuandika kwako. Siku ya kuhitajiwa, hukuandika."

Alisema bila ukali, lakini iliniuma. Kesho yake hakupanda. Chakula alikifunga kwenye bakuli akampelekea mwanamume anayefagia uchochoro wetu, ambaye alipokea akamwombea Baba dua ndefu, kwa sauti, mpaka jirani akafungua dirisha kuitikia amina. Mama alirudi uso umelegea kidogo. Kunguru walikuja ukutani siku nne, tano, wakalalamika, kisha wakatafuta kwingine. Nilidhani kindi wangerudi. Niliandika sifuri Ijumaa ya kwanza, na ya pili, na zilizofuata zote, mpaka nikaona haya kuandika tarakimu ileile.

Mwezi uliopita nilikuwa Makadara, mtaa wa jirani, nimekaa kwenye mkahawa mdogo nyuma ya duka la nguo, nakunywa chai ya tangawizi. Kuna mkwaju pale, na miarobaini miwili, basi. Kunguru walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kwetu, maana jaa liko karibu. Na juu ya mkwaju, wakikimbizana kulizunguka shina, nikawaona kindi wanne.

Mpishi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliniona nimekodoa macho.

"Hujaona kindi wewe? Hao ni wezi. Wanifilisi kwa mahamri."

"Siku zote wapo wanne?"

"Niwahesabu kwani nawauza?"

"Na kunguru hawawadhuru?"

"Wawadhuru, wasiwadhuru, mie sijui. Asubuhi wapo, jioni wapo. Ndugu yangu, chai yapoa."

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Mama. Niliona nimempata shahidi: hapa pana kunguru, pana taka za chakula kila siku, pana paka chini ya kila meza, miti haizidi mitatu, na kindi wapo. Basi si sahani peke yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akitia uzi kwenye kofia aliyokuwa akiishona.

"Wanne?"

"Wanne, Mama."

"Basi wetu waliondoka kwa nini?"

Akasema anataka akawaone mwenyewe.

Ijumaa tulikwenda, baada ya sala. Alivaa buibui lake jipya, akabeba njugu kwenye leso. Tulikaa meza ya pembeni. Hakuuliza bei wala hakugusa chai, alitazama mkwaju. Alipomwona wa kwanza alinibana mkono, na alipomwona wa pili akasema polepole, "Haya, mahudhurio." Nilihesabu. Tulikaa mpaka alasiri ikaadhiniwa, nikahesabu tena kutoka upande wa pili wa mti, nikamwuliza na mpishi, naye akasema hajui.

Walikuwa watatu, na mtoro mmoja.