Mfungo wa Kabla ya Kipimo

Kifungua mimba wangu alikufa akiwa mjamzito wa miezi saba. Miguu yake ilivimba, tukasema ni kusimama sokoni. Kichwa kilimuuma, tukampa dawa za dukani. Siku ya tatu alishikwa na kifafa cha mimba. Kwa hiyo mdogo wake aliponiambia, nyumbani kwake mtaani Skuta, kwamba ana mimba ya wiki kumi na moja, sikupiga vigelegele. Nilikaa chini.

Kliniki yake ilikuwa inajaribu kipimo kipya cha mate. Muuguzi alitueleza kwamba mate huweza kuonyesha mapema ni mama yupi aliye katika hatari ya presha ya ujauzito, ile iletayo kifafa, kabla presha yenyewe haijapanda. Bado wanakichunguza, alisema, na kupimwa presha kutaendelea vilevile. Akatupangia Jumatano.

Mimi nimelelewa kanisani, na jambo zito hulitangulizia mfungo. Jumanne jioni nilimwambia binti yangu tusile wala tusinywe maji mpaka kipimo kiishe. Alikuwa akitapika kila asubuhi, lakini alikubali. Tangu dada yake afe hajawahi kunibishia.

Kesho yake alipewa kichupa, akaambiwa ainame na kuacha mate yajikusanye. Aliinama mpaka shingo ikamuuma. Kichupani mlikuwa na povu kidogo tu.

"Shosho, huyu amekunywa nini leo?" muuguzi aliniuliza, akiniita bibi.

Nikasema hajanywa kitu, tumefunga.

"Mmefunga juu ya nini?"

"Juu ya hicho kichupa."

"Ati kichupa. Sasa mtu ako na mimba na hajaguza maji tangu jana atatema nini, vumbi?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Binti yangu naye alicheka, kisha akaegemea ukuta, uso umempauka. Walimpa maji, wakamwambia arudi Jumatano iliyofuata.

Wiki hiyo niliomba huku nikimkorogea uji. Alirudi, mate yakatoka, na majibu yalipokuja yalisema yuko hatarini. Daktari alimpa aspirini ndogo ya kumeza kila usiku na kumpima presha mara kwa mara. Hata hivyo, mimba ilipofika mwezi wa saba presha ilipanda. Safari hii hakuna aliyetaja kusimama sokoni. Alilazwa siku hiyo hiyo, akapasuliwa. Mtoto, msichana, alipumua hadi alasiri ya siku ya pili.

Nilimuuliza muuguzi kama ni ile wiki niliyoipoteza. Alisema wiki moja haikumuua mtoto. Nimeamua kumwamini, ingawa siku nyingine nashindwa.

Tulimzika Kianyaga, kwa kina mume wake. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulishika viatu. Binti yangu alisimama kando ya kaburi kwa miguu yake mwenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwa sauti ya chini, kwa sababu mama wa mtoto alikuwa karibu na angesikia.