Nguzo ya Mbau Tuliyoisimamisha Mususa

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya vita ambayo nikiikumbuka bado nainamisha kichwa. Nilikuwa seremala kijana hapa Mususa, mjini Butembo, na nilijiona fundi kamili.

Mama Kavira alikuwa mjane aliyekimbia kutoka Mbau. Mume wake, mchongaji, aliuawa kwenye barabara ya Oicha. Vitu vyao vyote viliibwa, isipokuwa nguzo moja ya libuyu, mti mgumu wa msituni, ndefu kuliko watu wawili, yenye sura za wazee wa ukoo zilizochongwa mpaka juu, ila sehemu ya chini iliachwa bila sura. Dereva mmoja wa lori aliibeba juu ya magunia mpaka Butembo. Mama akaniita niisimamishe uani kwake, mahali ambapo wakimbizi wa kwao walikuwa wanakutana kusali.

Nikachimba shimo la kufika magotini, nikatumbukiza nguzo, nikarudishia udongo na kuukanyaga kwa viatu. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza. Moyoni nilisema: kesho labda tutakimbia wote, ya nini kujichosha?

Siku ya nne ikaja mvua ya upepo. Mama Kavira alitoka mbio kuokota maharagwe yaliyoanikwa. Nguzo ikaanguka, ikamvunja mkono.

Nilimkuta amekaa, mkono umefungwa. Nikaanza kujitetea. "Mama, unisamehe. Lakini ni vita. Nani anajua kama kesho tutakuwa hapa?"

"Vita ndiyo ilichimba ile shimo?" Mama akauliza. "Bwana yangu alichonga miaka mbili, na vita ilikuwa. Ungeniambia tu: mama, hapana weza. Ningetafuta mutu mwingine."

Nilishika jembe.

Safari hii nilichimba mpaka shimo likanifika kifuani. Saruji haikupatikana, kwa hiyo nililaza mawe chini ili maji yapite. Sehemu ya nguzo ya kuzikwa niliichoma juu juu mpaka ikawa nyeusi, nikaipaka mafuta machafu ya injini, mchwa wasiikaribie. Wanaume wanane wakaivuta kwa kamba, nami nikaiegemeza kwa miti pande tatu. Kisha mawe kidogo, udongo kidogo, kutwanga; halafu tena, na tena, huku nikipima kwa uzi wenye jiwe kama imesimama wima.

Siku ya pili bunduki zikasikika upande wa barabara ya Beni. "Fundi, tuache kazi, wenye bunduki batatukuta hapa," mmoja wa wale wanane akasema.

"Bado tabaka mbili," nikamjibu.

Tulizimaliza ndipo tukakimbilia mashambani.

Tuliporudi baada ya majuma matatu, mabati ya nyumba yalikuwa yameng'olewa. Nguzo ilikuwa wima. Mama Kavira akaisukuma kwa bega la mkono wake mzima, akasukuma tena kwa nguvu zaidi. "Wasingya," akaniambia, ndiyo asante ya kwetu. Mkono wake haukunyooka tena mpaka alipofariki.

Mwanangu, nyakati mbaya zitakupa kila sababu ya kufanya kazi ovyo. Usizikubali. Ukichimba, chimba kama mtu atakayekaa hapo maisha yake yote, hata kama umeshafunga mzigo wa kukimbia. Na kazi ikikuzidi, sema mapema. Mimi niliomba msamaha mara nyingi, na mkono ule haukupona.

Mungu akupe mikono yenye subira, akulinde katika barabara zetu hizi, na chochote utakachokisimamisha watu wapite karibu yake bila hofu.