Mabati Chini ya Duara

Kaluki alikuwa amesema mpaka mate yakamkauka. Yeye ndiye mtunzaji wa kiwanja kidogo cha ndege huku Kitui, na kazi yake kubwa ni lile duara la chokaa ambapo ndege huzungushwa ili dira yake ipimwe. Chuma hakitakiwi hapo. Chuma huvuta sindano ya dira, na rubani akidanganywa na sindano atapotea huko juu. Watu walicheka tu. "Sindano ndogo hivyo ivutwe na panga yangu?" Wakaendelea kufunga mbuzi kwa vigingi vya chuma.

Siku aliyorudi kutoka likizo ya uzazi, mtoto mgongoni, alimkuta fundi Mulei ameshuka kwenye ndege, amenuna.

"Kaluki, sindano inayumba kama mlevi. Isipotulia leo tunahamia kiwanja kingine. Na hapa hapatahitaji mtunzaji."

Kaluki akazungusha macho chini. Hakuna kigingi, hakuna hata msumari. Ila lile shimo lililokuwa likituamisha maji ya mvua katikati ya duara halikuwapo. Limejazwa, limeshindiliwa vizuri. Mulei akasimama juu yake na dira ya mkononi. Sindano ikageuka.

Kaluki akamwita Mwaitu Nduku, yaani Mama Nduku, kiongozi wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kulima.

"Ni sisi!" Nduku akasema kwa furaha. "Tulisema, mtoto wetu akitoka uzazi asirudi kwa matope. Tukatia mabati ya zamani ya kanisa, tukafunika na udongo."

"Mabati, mwaitu? Mabati?"

"Na yameombewa, hayo."

Kaluki akafunga macho. Utamgombezaje mtu aliyekuletea uji kitandani?

Akina mama wakaja, wakafukua, mabati yakatoka yameliwa na kutu. Mulei akapima tena. Bado.

Kaluki akageuka. Majembe yote yalikuwa yamelazwa ndani ya duara, na Nduku ameketi juu ya lake, akipepea miguu kwa leso.

"Mwaitu! Hayo nayo ni ya mbao?"

Wakayapeleka mbali, wakinung'unika. Ndege ikazungushwa tena, polepole, na sindano ikatulia.

"Haya, tunabaki," Mulei akasema.

Kaluki akamshusha mtoto, akaketi chini kunyonyesha. Nduku akaja kumchungulia.

"Sasa haya mabati, mwiitu wakwa, binti yangu, si tukuezekee kakibanda hapo kando, mtoto apate kivuli?"

"Beba, mwaitu," Kaluki akasema. "Beba yote. Peleka mbali na duara, hata huko Mbumbuni."